Mashine Haikosei

Jumatatu, 4 Machi
Nimemwogesha Baba, nimempa uji. Macho yake sasa hayaoni hata mwanga wa dirisha. Mchana mzigo kutoka Dar. Mdogo wangu Shabani ametuma redio ya sidii na sahani yake moja. Kisomo cha msahafu mzima kimo humo, kimebanwa kikaenea. Kanda zetu za zamani zilijaa kikapu. Ameandika kwenye boksi: “Dada, inajisomea yenyewe. Msisumbuke.”

Nimekasirika. Nilitaka aje yeye.

Jumatano, 6 Machi
Inasoma kweli. Sura ikiisha inaingia nyingine, sigusi kitu. Nimepalilia maharage yote. Tangu kiwanda cha nguo kiuzwe tukarudishwa majumbani, sijapumzika hivi. Shabani ana akili. Nakiri.

Jumanne, 12 Machi
Umeme unakatika ovyo. Ukirudi mashine inaanza yenyewe, sura ya kwanza. Jana ilifika mbali. Leo tena mwanzo. Nimeazima sidii ya kawaida, isiyobanwa, kwa jirani. Imesoma juzuu moja, ikanyamaza.

Baba amegeukia ukutani.

Jumapili, 17 Machi
Amekataa kula. Nikamuuliza kama niizime.

“Zima. Huyu msomaji hakosei.”

Sikuelewa.

“Shabani alikuwa akinisomea alasiri, anakosea, namrudisha. Huyu nimrudishe wapi? Nakaa tu kama mgeni.”

Nimelia jikoni. Kisha nimeshuka dukani kumpigia Shabani. Anasema bosi wake hampi ruhusa. Nimemtukana mdogo wangu.

Jumatatu, 18 Machi
Nimetia udhu, nikachukua msahafu. Madrasa niliacha nikiwa mdogo. Nimesoma kwa kusuasua, aibu tupu. Baba akainua kichwa.

“Rudia.”

Nikarudia.

“Hapo vuta.”

Magharibi imetukuta hatujamaliza kurasa mbili. Amekunywa uji wote! Sikumbuki lini nilifurahi hivi.

Alhamisi, 21 Machi
Baba ana homa. Sauti imekwisha. Nikikosea ananibonyeza kiganja. Naogopa. Sasa nakosea makusudi, nijue kama yupo.

Ijumaa, 22 Machi
Nimekosea. Hakubonyeza.

Jumamosi, 23 Machi
Tumemzika jana, kabla ya magharibi. Mvua. Shabani amefika leo, viatu vimejaa tope la hapa Bigwa. Sikumpokea mkoba.

Jumapili, 31 Machi
Wageni wameondoka. Wingu limekaa mlimani tangu asubuhi. Shabani kavuta kigoda, tukamenya mihogo pamoja. Kisu kinamshinda siku hizi.

“Dada, alikuwa ananitaja?”

Nilikuwa nimemwekea maneno makali, wiki nzima. Nikamtazama. Amekonda.

“Alikuwa anakutaja,” nikamwambia.

Akainama. Tukaendelea kumenya mpaka sufuria ikajaa.