Bunduki kwa Kaka, Risasi Kwangu

Nyumbani,
Juu ya duka la cherehani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Na shemeji yangu, mgongo wake umepoa au bado anatembea kama aliyemeza fimbo? Sisi huku hatujambo, tunakula, tunalala na tunagombana kwa kiasi. Goti langu linanisumbua nikikanyaga cherehani muda mrefu, ila usianze kuniandikia dawa. Najua kazi yako ni duka la dawa, na yangu ni ukaidi.

Kazi inakwenda vizuri. Shule imebadilisha rangi ya sare, kwa hiyo nashona mpaka vidole vimekuwa vya buluu. Wifi yetu, mke wa kaka, huja mchana kunisaidia kutia vifungo. Porojo zake zinanichelewesha kuliko mikono yake inavyonisaidia, lakini asipokuja duka linapooza.

Katika barua yako uliuliza habari za bunduki ya baba, ukasema huko kwenu redioni hawana mazungumzo mengine ila silaha, nani azishike na nani anyang'anywe. Huku ni vivyo hivyo. Nilichelewa kukujibu kwa kuwa nilitaka mambo yafike mwisho kwanza. Sasa yamefika, kaa vizuri nikusimulie.

Utaratibu wa nyumba yetu unaujua. Baba alijijua kwa hasira, akaamua bunduki ikae kwake na risasi zikae kwa mama, ndani ya mkebe wa vifungo, ili akitaka kufanya upuuzi lazima kwanza amwombe mkewe. Walipofariki, bunduki ikaenda kwa kaka kwenye karakana yake ya useremala, na mkebe ukaja kwangu ng'ambo ya barabara. Wewe hukuuamini utaratibu huo hata siku moja. Tangu ulipoacha kuwaleta watoto likizo kwa sababu ya kile kitu kabatini, kaka alikuwa akikuita mwoga mbele ya kila mteja. Nami, nisikufiche, niliona unazidisha.

Sasa kuna fundi redio aliyepanga chumba kilichopakana na karakana. Tunamwita Spika, kwa sababu anajaribu maspika kutwa nzima. Asubuhi moja kaka alikuwa anaunga mlango wa kabati kwa gundi, ukuta ukatetemeka, kazi yote ikaachana. Nikasikia kelele, nikachungulia dirishani. Kaka amesimama barabarani, bunduki imemwelekea Spika kifuani, na binti mdogo wa Spika ameng'ang'ania suruali ya baba yake.

Nilishtuka, lakini si sana, maana nilijua iko tupu. Hata Spika alijua. Mtaa mzima unajua risasi ziko kwangu. Yeye alikuwa anacheka.

Kicheko kile ndicho kilichompandisha kaka mori. Alivuka barabara, akapanda ngazi zangu, akaegemeza bunduki kwenye cherehani, akasema, "Nipe mbili." Nikamwambia zimechanganyika na vifungo, akae anisaidie kuchambua. Akakaa. Akatenga vyeupe, akatenga vyeusi, huku akilalamikia maspika, halafu bei ya mbao, halafu mwanawe aliyemaliza chuo na anashinda kitandani bila kazi. Alipofika kwa mwanawe akaanza kutia vyeusi kwenye vyeupe. Hapo nikajua ugomvi wenyewe ulianzia wapi, na Spika hakuwamo. Alishuka bila risasi.

Haukupita muda, tukaitwa kwenye mkutano katika ukumbi wa shule, watu watoe maoni kama silaha za majumbani zikusanywe. Kaka alisimama mapema. Alisema bunduki haijawahi kutoka kabatini kwa miguu yake, vijana wapewe kazi, ulevi ushughulikiwe, na majirani wajifunze kuheshimiana. Akapigiwa makofi. Dereva wa gari la wagonjwa akamjibu kwa upole tu. Alisema wenye hasira anawabeba kila siku, wa ngumi na wa chupa, na wengi wao baadaye huwarudisha makwao. Wa risasi, alisema, mara nyingi akifika huwa hana tena haja ya kukimbiza gari.

Nami nikainuka, kimbelembele changu unakijua, nikaeleza utaratibu wetu. Nikasema watu hawahitaji kunyang'anywa, wanahitaji mtu wa kumwomba. Mdogo wangu, nilipigiwa makofi kuliko wote. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, nikamsumbua wifi kwa hotuba ile wiki nzima.

Basi ikaamuliwa kwamba anayetaka kubaki na silaha aipeleke ikakaguliwe kabla ya kuongezewa muda wa leseni. Kaka alivaa koti lake la harusini, tukaongozana, yeye na bunduki, mimi na mkebe. Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, mpole. Aliielekeza kwenye ndoo ya mchanga, akaikunja katikati kuifungua. Kisha akachomoa risasi moja, akaisimamisha juu ya meza.

Ilikuwemo. Ilikuwemo tangu enzi za baba. Sijui ni siku gani alisikia kishindo akaipakia, kisha maradhi yakamwangusha kabla hajaitoa. Kaka alikuwa akiipangusa kwa nje mpaka inang'aa, lakini hakuna aliyewahi kuifungua, kwa sababu sote tulijua haina kitu. Na tulijua haina kitu kwa sababu risasi ziko kwangu.

Siku ile barabarani kidole cha kaka kilikuwa kwenye kifyatulio. Na kwangu iliegemea pale anapokaa wifi. Nikifikiria hayo, mpaka leo uzi hauingii kwenye sindano.

Mkaguzi akauliza kama aendelee na leseni. Kaka alitikisa kichwa, akaisukuma bunduki upande wa pili wa meza. Nikamimina risasi zangu hapohapo, nikarudi na vifungo.

Jambo lile tulilijua watu watatu tu, na mkaguzi si wa mtaani kwetu. Lingeweza kuishia pale. Lakini kaka hakuingia karakana, alikwenda moja kwa moja kwa Spika, akamwomba azime muziki. Akamwambia, "Siku ile ilikuwa na risasi. Sikujua. Nimeona uisikie kwangu." Spika alikaa juu ya kasha, akamwita binti yake, akampakata. Salamu zao bado ni fupi, wala simlaumu. Ila juzi nilimwona akimsaidia kaka kushusha mbao.

Ukiniuliza sasa niko upande gani, nitakwambia mkebe ulifanya kazi yake. Ulimkalisha kaka mpaka akasema kinachomuuma, na bado hupanda ngazi zangu akikasirika, nikampa vifungo achambue. Lakini mkebe haukujua habari za ile moja. Watu wakalishwe chini wasikilizwe, na bunduki ziondoke. Nataka yote mawili, na nalala vizuri siku hizi.

Msalimie sana shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Wifi anakusalimu, anasema umbea wako ameuweka akiba. Mungu awalinde muingiapo na mtokapo, na atukutanishe tukiwa wazima.

Kaka hana mkono wa kuandika barua, kwa hiyo amesimama hapa mlangoni ananisemesha. Anasema nikwambie hukuwa mwoga. Anasema pia anataka kuwachongea watoto vitanda, na ameniuliza urefu wao. Nimeinua mkono kumwonyesha, nikashindwa pa kuusimamisha. Tuletee tuwapime.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,
Fundi Cherehani