Karatasi ya Usingizi wa Mama

Jumanne, Kilwa Masoko. Mvua imekatika tangu alfajiri, joto limerudi, na mimi naogopa.

Ngoja nikiri kabla sijajipa moyo. Siku tisa nimejaza uongo kwenye karatasi ya usingizi wa Mama.

Tulipomaliza matibabu yake ya saratani ya titi, nesi alitupa karatasi ya wiki mbili, mstari mmoja kila asubuhi. Alilala saa ngapi? Aliamka mara ngapi? Ni maumivu yaliyomwamsha? Mwisho unaupa usingizi alama, sifuri hadi kumi, kumi ikiwa ni usingizi mzuri. Mama haoni herufi ndogo, kwa hiyo mwandishi ni mimi. Nesi alinikazia macho: maumivu yakimwamsha siku mbili mfululizo, msingoje tarehe ya kliniki, njooni.

Kila asubuhi namwamkia, "Shikamoo Mama, umelalaje?" Naye hujibu, "Marahaba mwanangu. Salama, alhamdulillah." Nani huku kwetu ameamkiwa akajibu vingine? Hata aliyevunjika mguu husema salama kwanza, habari ya mguu inafuata. Basi naandika: hakuamka. Alama tisa.

Lakini tunalala chumba kimoja. Namsikia akijigeuza, akishika mgongo, akisoma Ayatul Kursi huku ameuma meno. Mimi nimefumba macho, nahesabu. Juzi aliamka mara tano. Usiku wa kuamkia leo niliacha kuhesabu.

Nilijidai ni heshima, mtoto hamsahihishi mama yake. Heshima gani! Ni woga. Niliona nikiandika tano, ugonjwa umeshaingia mgongoni. Nikiandika hakuamka, haujaenda popote.

Leo asubuhi nimeshindwa. Nikamwambia, "Mama, kwenye karatasi nimeandika unalala. Hulali."

Hakuacha kuchambua mchele. "Na wewe hulali. Pumzi ya mtu aliyelala naijua, nimekulea. Nikasema, mwanangu anautafuta usingizi, nisimharibie."

Siku tisa tumekesha wawili, kila mmoja akimstahi mwenzake.

Nimefuta mistari yote, tumeandika upya pamoja, kisha nikampigia nesi. Nilitamani anigombeze. Alisema tu tuje kesho asubuhi, tusichelewe.

Sijui watakachokiona kwenye mgongo ule. Ila usiku wa leo nikimsikia amegeuka, nitawasha taa, nimuulize panauma wapi.