Boti Iliyoota Pamba

Karakana ya Mtoni,
Kupitia Posta ya Bariadi.
9 Julai 1995.

Mpendwa Dada Domitila,

Mwangaluka, dada! Mwangaluka tena, maana salamu ya kwanza ni yangu na hii ya pili ni ya mayu, mama yetu. Nilipopita Bariadi alinishika mkono akaniambia nisithubutu kuanza habari zangu kabla sijakusalimia kwa niaba yake. Hujambo wewe? Mgongo wa shemeji Sylvester umetulia? Na watoto, bado wanakucheka ukichanganya Kisukuma mbele ya watu wa Tanga? Sisi huku wazima. Mayu anakula, anapalilia viazi vyake, anafoka. Siku ukisikia hafoki ndipo uje mbio.

Mwaka huu mvua haikutunyima, na pamba imefunguka vizuri mpaka kule Sola. Wanunuzi ndio usiseme. Zamani kilikuwa chama cha ushirika peke yake, leo hata muuza sabuni ana mizani yake. Wanaita soko huria. Mimi naona ni vurugu yenye faida, na vurugu ya namna hiyo siichukii.

Haya, najua unangoja jibu. Barua yako kuhusu ile kazi ya ulinzi wa ghala aliyonitafutia shemeji nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Sikunyamaza kwa dharau, dada. Nilikuwa nangoja nijue kama karakana yetu ya boti itabaki karakana au itageuka stoo ya ngozi. Ikigeuka stoo, mpiga kasia kama mimi anabaki hapa kufanya nini?

Mambo yalikuwa hivi. Chama kilishindwa kuiendesha, kikatangaza kuikodisha. Tajiri mmoja akaja mbio, anataka kuhifadhi ngozi za ng'ombe. Sisi wapiga kasia tukaungana na fundi Marcelo, tukaenda kuomba tupewe sisi. Fikiria, dada, zile reli zinazoingia majini ziliwekwa tangu enzi za Mjerumani. Kila boti iliyobeba pamba ya mto huu imeteremkia hapo, halafu leo paning'inizwe ngozi! Bwana wa chama akatusikiliza, akasema tutengeneze boti moja, mteja aikague na kuipokea mwenyewe, ndipo atie saini. Tukampata Felisita, mjane wa Nyalikungu, anayenunua pamba vijiji vya mtoni ambako lori halifiki.

Sasa wewe uliondoka ukiwa binti, huenda umesahau desturi ya hapa. Mbao ni za fundi, lakini kuziba maungio ni kazi ya wapiga kasia. Fundi hagusi. Atakayezama ndiye azibe, basi. Na siku ya kwanza boti inapoingia mtoni, walioziba wanakaa chini kabisa, sakafuni, bila kopo la kuchotea maji. Kama mliziba vibaya, mtalowa ninyi kwanza.

Pamba ya kuzibia tulikuwa tunaipata kiwandani, imeshatolewa mbegu. Mwaka huu kiwanda kina mwenyewe mpya, na getini hupiti bila karatasi. Nyanda, kiongozi wetu, unamkumbuka, yule mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akauliza tangu lini Msukuma akakosa pamba. Akaleta gunia kutoka shambani kwake. Tukakaa kuichambua kwa vidole, huku tukibishana kama Felisita ataolewa tena na ni mwanamume gani angethubutu. Midomo ilifanya kazi kuliko vidole, na mbegu nyingi zikapita.

Tukaziba, tukagongelea, tukaridhika. Kisha tukainywesha boti maji kama ilivyo kawaida: unaijaza, unaiacha bandani mpaka mbao zivimbe. Wakati huo tukaenda msibani kwa kina Mashimba, ng'ambo ya mto.

Tuliporudi, dada, boti ilikuwa imeota. Nakuapia. Vijani viwili viwili, vibichi kabisa, vimejipanga kwenye maungio tangu mbele hadi nyuma, utadhani shamba la mtu mwenye bidii. Na kila penye mche maji yalikuwa yanadondoka.

Marcelo hakututukana. Alichukua tezo yake na nyundo, akaanza kutia vifaa vyake kwenye gunia. Hilo liliniuma kuliko matusi. Nyanda akataka tung'oe miche haraka tupake rangi juu yake, nani atajua. Nikamwambia tutajua sisi, katikati ya mto. Tukaanza kushikana mashati, watu wazima wenye wajukuu, aibu tupu. Hatujaachana, Felisita amesimama mlangoni na yule bwana wa chama.

Bwana wa chama alicheka mpaka akashika mlango, akasema tajiri wa ngozi atafurahi. Felisita hakucheka. Alizunguka boti polepole, akainama, akang'oa mche, akautazama mizizi, akaenda kwa mwingine. Sikufichi, dada, nilijiona nipo Tanga tayari, nafungua mlango wa ghala asubuhi na kuufunga jioni.

Kisha akatugeukia. "Boti zote nilizopanda mimi zinaficha ubovu wake mpaka tufike kwenye kina," alisema. "Hii imeutaja mchana kweupe, tena bado iko nchi kavu. Naichukua hii hii."

Akavua viatu. "Leteni pamba nyingine. Mbegu nachambua mimi. Ninyi na midomo yenu, zibeni."

Tukaziba. Kila penye mche tulifungua, tukasafisha, tukajaza upya. Yeye amekaa kwenye mkeka anachambua, na mtu akijaribu kuanzisha porojo anatazamwa mpaka anameza maneno. Tukainywesha tena. Safari hii haikuota hata jani.

Jana tumeiteremsha. Kijiji kizima kilikuja, mpaka wanakwaya wa Padri Constantine. Tulioziba tukakaa sakafuni na suruali zetu za kanisani, vijana wakashika makasia. Nyanda, na sauti yake yote, alikuwa anasali kwa kunong'ona. Tulipogusa ng'ambo na kurudi, Felisita hakuuliza habari ya maji. Alituamuru tusimame juu ya reli, tuwape watu mgongo, akatupapasa makalio mmoja mmoja kama anayekagua viroba. "Makavu," akatangaza. Vigelegele nadhani mlivisikia huko Tanga. Bwana wa chama akatia saini hapo hapo, na Marcelo akamwaga vifaa vyake kutoka kwenye gunia, akauliza nani ana mbao.

Nisalimie shemeji, na watoto wote, hasa Lukresia ambaye mayu anasema amefanana naye mpaka kwa kufoka. Milembe, mke wangu, anakusalimu, na anashukuru kwa khanga, wabeja sana. Mungu awafunike kama kuku afunikavyo vifaranga, mchana na usiku.

Mwambie shemeji asinikasirikie, ile nafasi ampe mwingine mwenye shida. Dada, mtu akishakaa sakafuni mwa boti aliyoiziba kwa mikono yake, ikaenda ng'ambo ikarudi naye mkavu, hawezi tena kulinda mali ya watu wengine. Ana ya kwake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu mgongoni kwako uliponibeba,

Joakim