Jina Lako Juu ya Kiraka

Gichuki,

Walikuzika vibaya. Sisemi jeneza, wala kaburi. Mama yako alichagua vizuri, na shamba lenu la Wamagana lilikuwa limefyekwa mpaka mtoni. Nasema maneno. Bosi wetu Ndirangu alishika maikrofoni, akakohoa kama mtu mwenye jambo zito, akasema, "Huyu alikuwa kijana ya maana. Printa ikikataa, tunaita Gichuki." Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nikauma shavu nisicheke. Ulikuwa unarekebisha kiini, yaani kernel, cha mfumo unaoendesha kompyuta nusu ya dunia, na ukazikwa na printa.

Hakuna aliyewahi kukuuliza unafanya nini. Mimi nilikuuliza wiki yangu ya kwanza, ukanieleza kwa mfano wa ploti za Ruring'u, zile nyua za wapangaji. Ndani ya kompyuta moja kubwa, ulisema, mna mashine pepe nyingi, kama vyumba vya kupanga. Kila ploti ina ukuta na geti lake, kwa hiyo chumba namba tatu kwako si namba tatu kwa jirani. Mtandao wa kawaida unaheshimu kuta hizo. Soketi za mashine pepe, zile njia za kuongea na kompyuta iliyobeba mashine hizo, hazikuziheshimu. Mtaa mzima ulikuwa na hesabu moja ya namba, na yeyote, kutoka ploti yoyote, angeita "namba tatu" na mlango ukafunguka.

Ndivyo programu ya wakulima wa maziwa ilivyojikuta inaongea na mashine ya kliniki ya Kutus, kwa sababu tu wote ni wateja wetu na tuliwaweka kwenye seva moja. Ulimwonyesha Ndirangu. Akauliza, "Kuna mtu amelalamika?" Ukasema bado. "Basi shida iko wapi?"

Ukarudi mezani kwako ukaandika kiraka, marekebisho madogo ya kuziba tundu hilo, kila eneo la mtandao, yaani kila ploti, liwe na namba zake, ukakituma kwa watunzaji wa kiini, wale wanaoidhinisha mabadiliko, kimya kimya kama mtu anayeiba. Upole wako ulinichosha, Gichuki. Bado unanichosha. Ungemwambia mara moja tu kwamba yeye ni mjinga, mimi leo ningekuwa na kazi ndogo zaidi.

Kwa sababu sikiliza kilichofuata. Udongo wa kaburi lako haujakauka, watunzaji wakaandika kwamba kiraka kinakaribia kukubalika, ila kirekebishwe hapa na pale. Barua pepe yako sasa inaingia kwa Ndirangu. Akaniita. "Nyaguthii, hiyo kitu ya Gichuki ni ya kampuni. Itengeneze, halafu weka jina yangu hapo juu. Maiti haiwezi kujibu email." Nilipofika mlangoni akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na hii kernel, ati ni nini hasa?"

Unajua desturi. Jina la juu ni la aliyeandika. Anayekibeba kiraka cha mwingine anaweka lake chini, kama shahidi, na anabaki na mzigo wa kukitetea. Ulinifundisha hivi: "Aliyezaa ni aliyezaa. Yaya naye atie sahihi, lakini asijiite mama." Nikarekebisha walichotaka. Juu nikaacha jina lako. Chini nikaweka langu. Nikaandika kwamba mwandishi amefariki na kwamba mimi ndiye nitakayeulizwa. Nikatuma.

Barua za kwa watunzaji huwekwa hadharani na husomwa na kila mtu, hata Ndirangu siku akielekezwa mahali pa kubonyeza. Alielekezwa, akaona jina lake halipo. Sasa nimehamishiwa mapokezi, ninapokea simu na kuwaambia watu bosi yuko mkutanoni, ilhali namsikia akitazama mpira. Anadhani ameniadhibu. Mezani pale kuna kompyuta, na yeye hajui inaweza kufanya nini zaidi ya kuchapisha risiti.

Kisha likaja swali ambalo nililiogopa. Mtunzaji mmoja aliuliza kwa nini eneo likishafungwa haliwezi kufunguliwa tena. Pasipo jibu, kiraka kingelala hapo hadi kife, na wewe ungebaki kuwa mtu wa printa milele.

Lakini nilikuwa nimekuuliza swali hilo hilo, pale kibandani karibu na uwanja, mukimo ukipoa mbele yako kwa sababu uliacha kula ili ujibu. Ukasema, "Mpangaji alihamia akiambiwa kuna ukuta. Huwezi kuubomoa akiwa ndani." Na ukasema anayetaka mtaa wa zamani usio na kuta aachiwe, kazi za watu zisivunjike. Niliandika hayo kwa lugha yao kavu, nikaambatanisha jaribio linaloonyesha mazungumzo yanavyovuja ukuta ukiondolewa. Simu ililia mara kadhaa nikiandika. Niliiacha ilie.

Jibu lao lilikuwa fupi. Wamekubali sehemu hiyo. Zimebaki nyingine, na maswali yatakuja.

Lala, Gichuki. Wewe umemaliza kunyamaza, na mimi sikujaliwa upole wako. Nitajibu kila swali kutoka mapokezi, na akija Ndirangu kuomba jina lake liingizwe, nitamwambia kwamba bosi yuko mkutanoni. Siku kiraka kitakapoingia nitapanda Wamagana nimweleze mama yako, kwa mfano wa ploti, mtoto wake alijenga nini.

Nyaguthii, yaya wako