Kovu la Mama Yake Atupele

Mbeya, Jumanne, Juni 1956

Baridi tangu alfajiri, na ukungu haukuondoka mlimani mpaka saa sita. Mwanga wa dirishani haukufaa kupigia picha, wateja wawili nikawarudisha. Wa tatu hakuja kupigwa picha. Huyo ndiye aliyeniharibia siku, na haki alikuwa nayo yeye.

Anaitwa Atupele, mkulima wa huko juu milimani. Mwaka jana alimleta mama yake hapa studio, bibi mwenye uso uliojaa mikunjo, na kwenye shavu la kushoto kovu la moto, jeupe, linang'aa. Nikampiga picha moja, mzima mzima, viatu vionekane. Watu wa huku ukiwakata miguu pichani watakuuliza umempelekea nani.

Kisha nikafanya ile kazi ninayojivunia. Siku mbili nzima niliinamia kile kioo cha negativu, ambacho jeupe huonekana jeusi na jeusi huonekana jeupe. Mikunjo niliijaza kwa penseli. Kovu, ambalo kwenye kioo huonekana doa jeusi, nililikwangua kwa ncha ya kisu, polepole, mpaka shavu likawa laini.

Fundi aliyenifundisha kazi kule Iringa hushikilia kwamba picha ni kazi ya mashine, sisi tunabonyeza tu. Nami humjibu kuwa mashine haijui uzuri, mkono wangu ndio unaoifanya picha iwe sanaa. Nakala ya picha ya bibi nilimpelekea mpaka Iringa, kumkomesha.

Bibi mwenyewe alipoiona picha alicheka, akauliza huyo ni nani. Nilidhani amefurahi.

Leo Atupele kaja peke yake. Mama yake kafariki mwezi uliopita. Nikampa pole, nikamvutia kiti. Akaitoa ile picha kwenye kanga, akaiweka mezani, akasema wajukuu wanaitazama na hawamtambui bibi yao. Yeye alipokuwa mtoto nyumba yao ilishika moto, mama akaingia kumtoa, na kovu ni la siku hiyo. Picha nyingine ya mama hawana. Akaniomba nimrudishie uso wake.

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Mdomo wangu huu!

Kioo ninacho bado. Nikakipangusa kwa tapentaini, penseli ikatoka, mikunjo ikarudi yote, hata ile midogo ya pembeni mwa macho. Kovu halikurudi. Penseli hufutika, lakini kilichokwanguliwa kwa kisu kimekwenda kabisa. Nilimweleza hivyo bila kumzungusha. Hakulia. Aliniuliza kama siwezi kulichora.

Kulichora naweza. Penseli kwenye kioo hutoa weupe kwenye picha, na kovu lilikuwa jeupe. Nikachonga penseli, nikavaa miwani. Nikaanzia chini ya jicho, nikashuka mpaka katikati ya shavu, mkono ukasimama hapo. Nikamuuliza Atupele kovu liliishia wapi.

Alifumba macho. Akapeleka kidole shavuni kwake, akakishusha, akakirudisha.

"Sina hakika kama lilifika sikioni," akasema. "Mimi nilizoea kuliona tu. Wewe fundi ndiye uliyeliangalia. Lilifika?"

Sikumbuki.

Wallahi sikumbuki. Siku mbili nilikaa na uso wa yule mama karibu kuliko daktari, na nilichokuwa nakitafuta ni namna ya kuliondoa kovu. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nianze kazi hii. Ningeweza kulifikisha sikioni na asingejua. Nilikaribia kufanya hivyo, naandika hapa ili nisijidanganye. Lakini nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Alikitoa kidole shavuni.

"Basi futa na hicho ulichochora," akasema. "Usimkisie mama yangu."

Nikafuta. Atachukua picha yenye mikunjo, shavu likiwa tupu, na habari ya moto atawasimulia watoto mwenyewe. Kesho jua likitoka nitaisafisha kwenye karatasi. Fundi wa Iringa naye nitamwandikia, ingawa sijui nianzie wapi.

Kile kisu cha kukwangulia nimempelekea mke wangu jikoni amenyee viazi. Ameshangaa, maana ananijua ninavyokilinda, hata watoto hawaruhusiwi kukigusa. Ameniuliza kimeharibika nini.

Nimemwambia hakijaharibika.