Dawa ya Baridi

Jumatatu, 3 Julai 1950
Baridi ya Tabora asubuhi hii — maji ya mtungi yanauma meno. Mji mzima unapiga chafya na mimi ndiye mfalme wao. Nimekoroga makopo mengine thelathini. Vaselini, mafuta ya mkaratusi, na zile chembe nyeupe kama sindano za dukani kwa Nanji, mentoli. Yeye huziita maua ya nanaa. Ukinusa, pua inafunguka mpaka kisogoni. Nilijifunza vitani Bama, hospitali ya jeshi. Kazi yangu ilikuwa kubeba machela, lakini macho sikuyafumba. Kila kopo nimeliandika mwenyewe: DAWA YA BARIDI. Hati nzuri kuliko ya karani wa stesheni.

Nanji kaniambia, toto dogo hapana paka, Raymundi. Nikamwuliza kama kwao watoto hawana pua. Tukacheka. Kweli, niliyecheka ni mimi.

Jumanne, 4 Julai
Treni ya Kigoma. Nilipanda juu ya sanduku langu, nikawaambia dawa hii ilimwamsha meja aliyekwisha kufunikwa shuka. (Alikuwa amelewa, lakini aliamka.) Makopo yakaisha kabla ya filimbi, likabaki moja. Bibi mmoja wa Kaliua, Mwanamkuu jina lake, mnene, mcheshi, mgongoni kabeba mjukuu mchanga anakohoa kama mbuzi. Kauliza, itamfaa huyu? Nikamwambia, bibi, mpake hata aliyezaliwa jana. Kaniita daktari. Nikampa lile kopo bure.

Jumatano, 5 Julai
Leo hati imeharibika.

Dada yangu Getruda. Mwanawe Ambrosi ana miezi miwili, joto tangu jana. Leo kachukua kopo nililojiwekea rafuni, kamtia kila tundu la pua kwa kidole. Mimi niko uani nawasimulia majirani Bama. Nikasikia naitwa. Jina langu tu, polepole. Nikaingia. Mtoto mdomo wazi, hapumui. Midomo rangi ya majivu.

Nikamfuta pua kwa kanga, nikampuliza usoni, nikampiga nyayo. Nilianza Baba Yetu. Nilipofika mkate wetu, akalia.

Hospitali tulimkuta Wenceslaus, mganga msaidizi. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la nne, nilipofukuzwa. Kabla hajamshika mtoto alimnusa uso. Kisha akanitazama mimi. Kasema mkubwa akinusa kitu kile hufurahi, lakini mchanga koo hujifunga, pumzi ikasahau njia. Kaniuliza, "Umewapa watoto wangapi, Raymundi?" Nikatafuta mzaha. Nikajikuta nahesabu kwa vidole.

Nje nikamwuliza Getruda, mtoto ana joto, dawa ya mafua ya nini? Hakupandisha sauti. "Kaka, umeandika dawa ya baridi. Mwanangu anaungua. Nikamtia baridi."

Mimi nilikuwa na maana ya dawa ya kuondoa baridi. Yeye kasoma dawa ya kutia baridi. Na ukiipaka kweli inatia baridi, nani angemcheka? Nimeandika makopo yote vile.

Ambrosi amelala. Kila mara namwekea kidole chini ya pua.

Halafu nikamkumbuka bibi wa Kaliua. Hata aliyezaliwa jana, nilisema.

Alhamisi, 6 Julai
Leo hakuna treni. Simu ya maandishi nimpelekee nani? Nina jina tu, na Kaliua.

Nimezunguka mji kukusanya makopo. Sokoni nikapanda sanduku, nikasema mtoto asipakwe, inaua. Watu wakacheka. Tobias muuza kahawa akapaza sauti, "Sikieni, leo daktari kaja na maneno mapya!" Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi. Mzee mmoja kasema kama ni kali namna hiyo apewe mbili. Miaka minne nimewazoesha kucheka nikifungua mdomo. Nimerudishiwa makopo kumi na moja.

Nanji nilimkuta dukani. Hakusema nilikuambia. Kamimina chai, kaniuliza tu, toto ya dada napumua? Ningependa anitukane.

Ijumaa, 7 Julai, Kaliua
Usoke nilitoa kichwa dirishani, nikawaambia wauza karanga wasipake watoto. Mmoja kaniuliza kama nimelewa.

Hapa nimeulizia kwa Bi Mwanamkuu, nikaelekezwa nyuma ya kambi ya reli mpya ya Mpanda. Nimepiga hodi mara tatu. Kimya. Jirani, mzee Mahona, nimemwamkia shikamoo. Marahaba, kaitika akiwa kitini, kasema bibi ameenda kisimani tangu asubuhi. Na mjukuu? Sijui mwanangu, mtoto alikohoa siku mbili, usiku wa jana sikumsikia. Mimi nilishukuru tu, kasema, nikalala.

Nimekaa barazani. Dirishani kopo langu, hati yangu, kifuniko kimewekwa kando. Harufu nimeijua kabla sijalifikia. Ndani kuna alama ya kidole kimoja. Nimelitia mfukoni. Faida yake nini sasa.

Nikimkuta mzima, nitamwambia nini? Nikimkuta si mzima —

Naandika ili mikono ipate kazi.

Kuna mwanamke anakuja njia ya kisimani. Mnene. Ndoo kichwani, mgongoni kafunga kanga, ndani kuna uzito. Ameniona. Anacheka, anapunga mkono, ananiita daktari. Nimesimama. Natega sikio.

Hakuna kikohozi.