Mkanda wa Mwisho wa Filamu ya Kitamil

Weston, Toronto
9 Aprili 2011

Mpendwa Babu Noordin,

Ya Ali Madad. Kwanza nakujulia hali: goti linaendeleaje, na daktari amekuruhusu kupanda ngazi? Sisi hatujambo. Baba bado anafanya zamu za ghala kule Rexdale. Mgongo unamsumbua lakini hasemi. Theluji imeyeyuka, mto Humber umefurika hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu, na Bibi, dada yako, husimama dirishani kila asubuhi akiukemea.

Uliwahi kuniambia kwamba Kigujarati changu ni cha jikoni na Kiswahili changu ni cha darasani. Basi nakuandikia kwa hiki cha darasani. Nilijaribu simu wiki iliyopita, ukaniuliza bei ya machungwa Canada, kisha ukasema husikii vizuri. Kwa hiyo Shamil, anayesafiri kuja huko, anakuletea barua hii mkononi, na nimemwomba asiondoke barazani kwako mpaka umalize kuisoma.

Jambo lenyewe ni ile filamu ya Kitamil.

Unajua nasaidia idara ya filamu hapa chuoni. Mwaka huu tunaonyesha filamu za zamani za India Kusini, na katika makopo ya mikanda yaliyoletwa kutoka Chennai nimeikuta ile ya Bibi: mwanamke anaiacha nyumba ya mumewe akiwa na mtoto kiunoni, anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, kisha siku ya mvua anarudi mpaka langoni. Nimeijua tangu utotoni bila kuiona. Bibi ametusimulia kwamba ilifika Tanga kwa makosa, ndani ya fungu la filamu za Kihindi, na kwa kuwa hakuna mtu mjini aliyejua Kitamil, mkaionyesha hivyo hivyo na watu wakaielewa kwa macho.

Nilikaa peke yangu kuitazama. Mkono wa yule mwanamke ukashika komeo la lango. Nikatabasamu, maana hapo ndipo Bibi humalizia. Lakini kopo moja lilikuwa limebaki. Nikauweka mkanda wake. Yule mwanamke akaondoa mkono kwenye komeo, akamhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno, akaenda zake stesheni.

Pathma, mwenzangu wa kazi, Mtamil aliyekulia Jaffna, alinitafsiria mahojiano ya zamani kuhusu namna ilivyotengenezwa. Mwenye fedha alitaka mwanamke aingie ndani. Mwongozaji hakutaka kumwamulia. Walipiga picha pale langoni kutwa nzima, mvua ikinyesha kweli, miguu ya mwigizaji imechubuliwa na chumvi. Mwishowe mwongozaji akamwambia ashike komeo na afanye litakalomjia. Akashika muda mrefu hata wakadhani amesahau. Kisha akaondoka, nao hawakurudia tena. Pathma akaniuliza, "Kwetu kila mtu anajua aliondoka. Bibi yako aliona filamu gani?"

Nilimpelekea Baba swali hilo tukiwa garini.

"Ah, zanana," akasema. "Zanana hawakuwekewa mkanda ule. Noordin ndiye aliyekuwa opereta wa mashine ya sinema." Kisha akasikia anachokisema, akazima redio.

Sikuwahi kuona zanana, yale maonyesho ya Jumapili alasiri ya wanawake peke yao. Lakini najua siku ile Bibi alitokea nyumba gani. Alitokea kwako. Alikuwa amemwacha babu Hasham, Baba angali wa kunyonya, na alikuwa amepata nafasi ya kujifunza uuguzi Nairobi. Wewe ndiye uliyemwambia aende akatazame filamu, apumzishe kichwa. Kesho yake akarudi kwa mumewe. Familia nzima husema filamu ndiyo iliyomrudisha, na husema kwa sifa. Babu Hasham alipofariki, Bibi hakulia. Alifungua madirisha yote, basi.

Swali langu ni hili. Je, wanawake wote walinyimwa mkanda ule, kila Jumapili, kwa sababu wenye sinema waliamua hivyo? Au uliuacha ndani ya kopo Jumapili ile tu, kwa sababu dada yako alikuwa amekaa pale? Na kama ni hivyo, nani alikuomba?

Ningependa kusema kwamba sikuhukumu. Nakuhukumu, na najizuia.

Filamu tunaionyesha Jumamosi ya tarehe 30. Bibi ameshawaalika wanawake wenzake anaosali nao jamatkhana, anawaambia, "Njooni mwone mwanamke mwenye akili." Baba anataka tumzuie. Jana alijaribu.

"Mama, siku hiyo kutakuwa na baridi."

"Sadru, hapa nimemaliza baridi ngapi? Nitafutie koti, au nivae lako."

Jikoni Baba akanishika mkono. "Wadogo zangu wote wamezaliwa baada ya Jumapili ile," akaninong'oneza. "Unataka Mama aambiwe nini, kwamba wao ni kosa la opereta?"

Nimelifikiri hilo siku nyingi kuliko masomo yangu. Nawapenda ami na shangazi zangu. Lakini najiuliza huyu muuguzi wa Nairobi angekuwa nani, na kwa nini ninamlilia mtu ambaye hakupata kuwapo. Simwambii Bibi uongo kwamba onyesho limeahirishwa. Wala simwachi aujue ukweli gizani, kati ya wageni wake mwenyewe, wote wakigeuka kumtazama usoni. Mpigie kabla ya tarehe 30. Usinieleze mimi, mweleze yeye. Usipopiga, asubuhi hiyo nitamweleza mwenyewe, nami sina haki ya kulisema jambo lako wala maneno ya kulisemea.

Nisalimie shangazi Zarina na wanawe, na mzee Pyarali wa dukani. Baba angekusalimu, lakini hajui kama nakuandikia. Bibi amepita hapa sasa hivi na kuona jina lako kwenye karatasi.

"Unamwandikia Noordin? Mwambie naenda kuiona tena ile filamu. Mwambie mwanamke yule aliniacha pale langoni, na miaka yote hii sijajua alipokewaje. Safari hii nataka nimwone akiingia."

Mjibu wewe.

Mola akupe afya, Babu, na akufungue kinywa.

Wako akupendaye, hata leo,
Azmina